Nyasi za Ndama

Kazi yangu ni kupanda nyasi baharini. Huko pwani tunatandaza magunia chini ya maji ya magotini na kuchomeka miche ndani yake ili mawimbi yasiing'oe. Nilipokuja likizo ndefu nyumbani, nje kidogo ya Isinya, baba alinihoji mbele ya mama.

"Hiyo nyasi ya bahari inakulwa na nani?"

"Samaki, baba. Na kasa."

"Na mko na ua?"

"Hatuna."

"Basi mnapandia wezi."

Mama alicheka hadi akaweka kikombe chini. Mimi nilinuna. Lakini olopololi ya baba, kile kipande kilichozungushiwa miiba ambapo nyasi huwekewa ndama, ilikuwa vumbi tupu. Majirani wameuza ardhi, na mifugo haina tena pa kuzungukia. Tulibaki na ndama jike mmoja, wa mwisho katika uzao wa ng'ombe aliyekuja na mama alipoolewa.

Nikatandaza magunia kama kule baharini, nikapachika miche ya nyasi za malisho. Mvua ilikuwa haba, ila nyasi zilishika. Baba alikata miiba mipya na kila asubuhi alienda kuzitazama. Hakunisifu, na nilifurahi hivyohivyo.

Kiangazi kilipokaza, mzee wa rika lake akafika kutoka upande wa Namanga na ng'ombe waliobaki mifupa. Hakuomba kitu. Alisalimu, akanywa chai. Mtu wa rika lako haombi nyasi. Ukiwa nazo, unafungua. Nimelijua hilo tangu utotoni, na siku hiyo nililichukia. Baba aliinuka, akaondoa miiba kwa mikono yake.

"Baba, na ndama?"

"Sasa ningemwambia nini?"

Kufikia jioni hata magunia yalikuwa yametafunwa. Mgeni akaenda zake, na baadaye tukasikia kwamba ng'ombe wake wengi walianguka njiani. Wiki hiyohiyo wenzangu wa pwani wakapiga simu: nyavu za kukokota zilipita, zikang'oa kila tulichopanda. Nilimwambia baba. Hakucheka, na mimi sikujua tena napanda kwa ajili ya nani.

Ndama alisimama pale langoni mwa olopololi alipozoea kulishwa, akakataa kutoka. Mama alimpelekea maganda ya viazi. Asubuhi mama alimkuta amekufa, akarudi na maganda yote kwenye beseni, akayamwaga, akaliosha beseni.