Siku Nilipoitikia Sauti ya Bibi Nikiwa na Kofia ya Nyaya

Jamani, hili huwa silisemi mbele ya wakwe, lakini leo tuko wenyewe kwa wenyewe, chekeni tu.

Walikuja watafiti Korogwe mjini, wakaomba vijana wa kupimwa ubongo, eti waone unafanyaje mtu anaposifiwa na anaposemwa vibaya, na kila mmoja aje na mtu wa kurekodiwa akimsema mabaya yake na mazuri yake. Wenzangu wakaja na mashoga zao. Mimi nikaenda Magoma kumchukua bibi yangu aliyenilea (hapo ndipo nilipoharibu), maana tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akinisifia, nikasema leo atake asitake nitajua kama ananikubali.

Basi bibi akarekodiwa kwanza pembeni, kisha mimi nikavishwa kofia ya nyaya, nywele zote jeli, hedifoni masikioni, mtafiti akanisisitiza, "Dada, usitikisike, usiseme neno." Nikakubali kwa madaha. Mara nasikia, "We Mwanahawa!"

Weee! Nani kwetu anaitwa na bibi akabaki amekaa? "Abee bibi!" Nadhani walinisikia hadi stendi. Nikainuka, nikapiga goti, nyaya zikavuta kompyuta, kompyuta ikaenda chini puu, na mimi bado nimeinamisha kichwa nasubiri kutumwa.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni na kanga yake. "We mtoto," akauliza, "mimi niko huku, unamwitikia nani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wengine wakashikana mabega wasianguke, jeli inanichuruzika hadi puani. Ile kompyuta haikuwaka tena, na rekodi zilikuwa humo humo. Mtafiti, maskini, akaniambia taratibu kwamba yalianza mabaya, mazuri yalikuwa yanafuata.

Njiani nikambembeleza, "Bibi, yale mazuri ulisemaje?"

"Nikwambie uote mapembe? Ungetulia ungesikia." Akacheka mwenyewe, akanishika mkono, tukaenda hivyo hivyo hadi nyumbani. Ah, bibi yangu! Nammisi mno, hasa asubuhi, saa ile aliyokuwa akinigombeza niamke.

Mwaka uliofuata akatangulia mbele ya haki. Mabaya yangu yote nayajua (mvivu wa kuamka, nina mdomo, ugali wangu mabuja), aliniambia kila siku. Mazuri aliyasema siku moja tu, akawaambia wageni, na mimi sikuyasikia. Tangu hapo mtu akianza kunisema, hata aniseme vipi, sinyanyuki mpaka amalize.