Mwezi wa Serikali Ulipofika Kibirizi

Juzi binti yangu aliangusha mfuniko wa sufuria jikoni. Ulizunguka sakafuni ukilia ngwaaang, ukatulia polepole, na mimi niliyekuwa sebuleni nikichambua mchele nikajikuta nimesema kwa sauti, "Mwezi umewaka." Binti yangu akachungulia mlangoni, akanitazama kama mtu anayeanza kuchanganyikiwa. Sikumlaumu. Ingenibidi nimweleze habari za Shangazi Zena, na habari za Shangazi Zena hazielezeki maharage yakiwa motoni. Nyinyi mmekaa, basi nawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Katubuka, na Shangazi Zena, dada mdogo wa baba, aliishi nasi. Alikuwa fundi cherehani pale soko la Mwanga, mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyopaswa kuwa ya mtu wa kilo tisini. Akimwita mwenye vitambaa wa upande wa pili wa soko, wateja wa katikati waligeuka wote. Mama alimwambia mara nyingi kwamba sauti ile itamkosesha mume. Badala yake ilimpeleka redioni.

Redio ya mjini kwetu wakati huo ilikuwa chumba kimoja kilichozibwa kuta kwa magodoro ya zamani, mengine bado yana madoa ambayo watoto hatukuruhusiwa kuyaulizia. Humo Mwalimu Ntahondi, aliyefundisha fizikia sekondari na aliyekasirishwa na serikali zote za dunia bila ubaguzi, alianzisha mchezo alioutunga mwenyewe, ukaitwa *Mwezi wa Serikali*. Ulikuwa mchezo wa miaka mingi ijayo. Katika nchi isiyotajwa jina, serikali imerusha angani mwezi wa chuma unaowaka kila usiku, ili raia wasipate pa kujificha. Mwezi huo una vipaza sauti. Ukiwaka, unasalimia wananchi, kisha unawasomea amri.

Sauti ya mwezi kuwaka ilikuwa mfuniko wetu wa sufuria, tena ule mkubwa wa ubwabwa, nao ulipigwa kwa mwiko. Na aliyeuamuru uwake alikuwa Waziri wa Nuru, mwanamke katili asiyelala, ambaye kila akimaliza kutisha watu alisema, "Wananchi, nuru haina likizo." Waziri huyo alikuwa shangazi yangu.

Hakuna aliyejua. Mwalimu hakutaja majina ya waigizaji hewani, akisema ni kwa usalama wao, jambo lililotufanya nyumbani tujione watu wa maana sana. Mchezo ulirushwa moja kwa moja Alhamisi saa kumi na moja jioni, ukarudiwa kwa kanda Jumamosi mchana, na mji mzima ukaupokea kila mtu kivyake. Maofisini waliusikiliza kwa sauti ya chini na kubishana ni waziri gani wa kweli anayesemwa. Mwenye duka la chumvi pale Mwanga alipunguza sauti kila askari alipopita, mpaka askari mmoja akamwomba aiongeze. Bwana mmoja wa ofisi fulani, ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria, alilalamika kwamba kikohozi cha Rais kwenye mchezo ni chake, na tangu siku hiyo tukaanza kumfikiria. Mama Goreti, jirani yetu aliyekimbia vita Burundi, aliusikiliza amesimama mlangoni, viatu mguuni. Nilidhani ana haraka ya kwenda sokoni.

Ikawa hivi. Issa wa Kibirizi, mwenye mitumbwi miwili ya dagaa, alileta suruali kwa shangazi ipunguzwe. Akairudisha iongezwe. Akairudisha tena ipunguzwe. Suruali ilipoanza kufa mishono, baba alimwambia aache kuitesa na aseme anachotaka. Alichotaka kilikuwa kile tulichokuwa tukikijua sote, na shangazi, aliyekuwa na miaka thelathini na mbili na aliyechoka kuulizwa na kila mteja ataolewa lini, aliacha hata kupiga kelele kwa siku mbili nzima.

Ila kwa watu wa Issa mkwe hachunguzwi sebuleni, kwenye soda na vitambaa vya kochi. Kabla posa haijajibiwa huitwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia dagaa, aanike pamoja na wanawake wa ukoo kutwa nzima. Mwenye kuita alikuwa mama yake Issa, Bi Mawazo, mkubwa wa waanikaji wote wa Kibirizi. Alimwita shangazi Jumamosi, nami nikaambatana naye, maana haikufaa aende peke yake.

Njiani shangazi aliniinamia. "Leo mimi ni mpole," alinong'ona. "Na wewe pia ni mpole. Umenisikia?"

Nilimsikia vizuri sana. Hilo nalisema ili msije mkanitetea.

Bi Mawazo alikuwa mfupi, mpana, kanga kiunoni na magamba ya dagaa yaking'aa mikononi hadi kwenye viwiko. "Mwidiwe," alitusalimia kwa Kiha, tukaitika, shangazi akampa shikamoo kwa kisauti chembamba ambacho sikuwahi kukisikia. Tukapewa ungo. Dagaa walikuwa wamemwagwa juu ya vichanja na mchangani mpaka karibu na maji, na harufu yake iliingia puani ikakaa. Kazi ilikuwa kuwatandaza wasilaliane, kuwageuza, na kufukuza kunguru. Shangazi alifanya kazi bila neno. Akiulizwa, alitabasamu. Nilimsikia Bi Mawazo akimwambia mwenzake, "Huyu amelelewa. Hana mdomo." Nikauma ukosi wa gauni langu nisicheke.

Kisha mmoja wa wanawake akafungua redio iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya kichanja, na ngwaaang, mwezi ukawaka.

Sijawahi kuona watu wakisikiliza mchezo namna ile. Mjini walicheka na kukonyezana. Pale waliacha kazi, wakainuka, wakaikabili redio kana kwamba imewatukana. Niliwaza wanachukia ukatili. Kumbe walichukia mwanga. Kila mtu wa ziwa anajua dagaa huvuliwa siku za giza, karabai zikiwaka mitumbwini ili dagaa wazifuate. Mbalamwezi ikija, dagaa hutawanyika, wavuvi hupumzika na kushona nyavu, na vichanja hubaki vitupu. Sasa huyu waziri ameweka mbalamwezi ya mwaka mzima! Mwalimu Ntahondi, mtu wa milimani Kasulu, alikuwa ametunga sehemu nane bila kulifikiria hilo.

"Tutakula nini, we mwanamke?" mmoja aliiuliza redio.

"Mwache aje huku," akasema mwingine. "Aje aanike huo mwezi wake tuone utakauka."

Mwingine akachota mchanga akairushia redio, mwenye redio akaja juu, na ikabidi watenganishwe. Na katikati ya rabsha hiyo Waziri wa Nuru akanguruma, "Wananchi, nuru haina likizo!" Ilikuwa imetoka vizuri, jamani. Niliwaona wanawake watu wazima wakitetemeka kwa hasira kwa ajili ya mtu wa nyumbani kwetu, na fahari ikanijaa kifuani mpaka ikanipasua mdomo.

"Huyo ni shangazi!" nikapaza sauti. "Huyo hapo! Ni shangazi yangu!"

Kunguru walikula dagaa siku hiyo, maana hakuna aliyewafukuza.

Bi Mawazo akazima redio. Akaja akasimama mbele ya shangazi, akafuta mikono kwenye kanga, taratibu. "Sema," alimwambia.

"Niseme nini, mama?" kisauti chembamba kikajibu.

"Hicho anachosema."

Shangazi alinitazama. Sitaki kuieleza ile sura. Kisha akavuta pumzi na kusema, kwa sauti yake yenyewe, kwamba nuru haina likizo. Mtoto mchanga aliyekuwa amelala chini ya kichanja akaamka akilia.

"Oya," Bi Mawazo akakataa kwa Kiha, akitikisa kichwa. "Oya, oya. Mwanangu ni mvuvi. Siwezi kumwoza aliyetundika mwezi."

"Mama, ni mchezo tu. Mimi natumwa, naandikiwa."

"Mawaziri wote huandikiwa," akajibu Bi Mawazo. "Nenda kauzime. Ukizimika, mje. Usipozimika, msalimie kaka yako."

Tulirudi Katubuka kwa miguu, njia nzima, na shangazi alitangulia bila kunigeukia. Angenichapa ningepumzika. Nililia tangu Kibirizi hadi mlangoni kwetu, nikijua kwamba nimemvunjia shangazi ndoa kwa maneno manane. Issa alikuja jioni ile, mikono mitupu, hata suruali hakuleta. Alisema yeye hana neno na mwezi wowote, lakini mama yake ni mama yake.

Jumatatu shangazi alikwenda kwa Mwalimu Ntahondi, akanichukua nikaombe radhi, ingawa sikuelewa namwomba nani. Ilibaki sehemu moja tu ya mchezo. Shangazi alimsihi aandike kwamba mwezi unazimwa. Mwalimu akavua miwani.

"Zena," alisema, "katika sehemu ya mwisho Waziri anakuwa Rais na mwezi unaongezwa ukubwa. Lazima uwake. Wananchi wakasirike, wafikiri, waamke. Tukiuzima, watalala."

"Wa Kibirizi wamekwisha kasirika, Mwalimu."

"Wamekasirika kwa ajili ya dagaa!" Mwalimu alilitamka neno hilo kama mtu anayetoa mwiba mguuni. "Hawakuelewa chochote."

Alhamisi nilikaa sakafuni mwa kile chumba cha magodoro, nimekatazwa hata kupiga chafya. Mfuniko ukalia. Mwalimu, aliyeigiza Mwanasayansi Mkuu, alitangaza kwamba mwezi mkubwa zaidi uko tayari kurushwa. Zamu ikawa ya shangazi. Nilimwona akiitazama karatasi yake. Akaikunja mara mbili, akaikalia.

"Wananchi," Waziri wa Nuru akasema. "Nimepokea wageni kutoka ziwani. Wamenieleza jambo ambalo sikulijua. Kuanzia leo mwezi utazimwa siku ishirini na utawaka siku kumi, ili wavuvi wapate giza lao, na nyavu zipate kushonwa."

Mwalimu alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Lakini walikuwa hewani, na Mwanasayansi Mkuu hawezi kunyamaza. "Mheshimiwa," akasema kwa sauti inayokatika, "hilo... hilo halimo."

"Halimo wapi?"

"Halimo kwenye... mpango."

"Sasa limo," alisema shangazi, akachukua mfuniko, akaukumbatia tumboni usilie tena.

Jumamosi kanda ilirudiwa, kwa kuwa redio haikuwa na kitu kingine cha kuweka, na sisi tulikuwa Kibirizi, tumesimama mbali kidogo na vichanja kama wadaiwa. Waziri aliposema ameelezwa jambo ambalo hakulijua, wanawake waliweka nyungo chini. Aliposema siku ishirini, vigelegele vikapasuka, na yule aliyerusha mchanga safari ile akaipangusa redio kwa kanga yake. Bi Mawazo hakupiga kigelegele. Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia shangazi na kusema kwamba ishirini na mbili zingefaa zaidi, lakini basi. Kisha akampa ungo.

Issa na shangazi wakaoana. Watoto wanne, mitumbwi sasa minne. Ila Mwalimu Ntahondi hakumwita tena shangazi redioni. Alimwambia kwamba ameuza mchezo mzima kwa ajili ya harusi, na shangazi mwenyewe aliona ni kweli. Mwaka uliofuata Mwalimu alitunga mchezo mwingine, akamweka mwanamke mwingine, na nilimkuta shangazi amefungua redio hapo Kibirizi, mikono ndani ya dagaa, akisogeza midomo kimyakimya kabla yule mwanamke hajasema. Nilikuwa mtoto. Nikadhani anacheka.

Miaka mingi baadaye, nimekwisha kuwa mama, nilikwenda kumwona Bi Mawazo. Alikuwa mzee sana, haoni vizuri, redio iko pembeni ya mto wa kulalia. Nikamuuliza kile ambacho sote tulikuwa tukikichekea kwenye harusi na misiba: hivi kweli aliamini kwamba mkwewe ametundika mwezi?

"We mtoto," akasema, "mimi redio nimeisikiliza kabla baba yako hajaota meno. Mchezo naujua. Nilijua ni Zena na kikaratasi chake."

"Sasa kwa nini ukamfukuza, bibi?"

Akaipapasa redio. "Mawaziri nimewasikia wengi humo ndani. Bei ya mafuta, nyavu hizi zimekatazwa, nyavu zile zimekatazwa. Nimewajibu wote, nikiwa naanika. Hakuna aliyenisikia hata mmoja. Nikasema, huyu mmoja namjua anapokaa. Huyu nitamwambia, nione." Akacheka bila meno. "Akanisikia. Ndiye waziri wa pekee aliyewahi kunijibu."

Nilikuwa nimekwenda pale kucheka, nikashindwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiisimulia hadithi hii kwa watu, nikiwacheka wanawake wa mwaloni walioupigia kelele mchezo wasiouelewa. Mwalimu Ntahondi naye alifariki akiamini hivyo hivyo. Niliona haya, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Nilitoka nje. Shangazi alikuwa kwenye vichanja, mvi zimemjaa, anawafokea vijana kwa ile sauti yake. Nilimweleza neno kwa neno aliyoyasema mama mkwe wake. Alisimama na ungo mkononi. Akageuza uso upande wa ziwa nisimwone.

"Kumbe," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo kabisa, "kumbe nilicheza vizuri."