Mstari Alioachiwa Shemeji

Kila Januari, mvua ikiipiga Uyole, Tupokigwe, katibu wa kampuni ya ukoo, alikaa mezani kujaza fomu yake. Alikuwa mwalimu, mjane wa miaka arobaini na miwili, na katika ukoo wa marehemu mumewe ni yeye peke yake aliyeweza kuisoma fomu ile ya Kiingereza hadi mwisho. Kampuni yenyewe ilikuwa mashine moja ya kusaga mahindi. Hiyo ndiyo iliyowalisha wanawe na wazee wa nyumba ile. Serikali ilitaka taarifa yake kila mwaka: wanahisa ni nani, wakurugenzi ni nani. Kampuni isiyopeleka hufutwa.

Alijaza yote isipokuwa mstari mmoja. Mkurugenzi alikuwa baba mkwe wake, na kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hakutani naye njiani, wala halitaji jina lake. Kutaja ni kutaja, kwa mdomo au kwa wino. Kwa hiyo mstari ule alimwachia shemeji yake Sedekia aumalizie, kisha aipeleke fomu posta. Miaka mitano alifanya hivyo akidhani ni adabu.

Mwezi Machi 1975 ikaja barua: fomu ya mwaka huo haijafika. Tupokigwe akapanda basi hadi Iringa, akaenda Mlandege kwa Bwana Filemoni, aliyeshughulikia makaratasi ya kampuni na kutunza nakala.

"Sedekia alikuwa hapa juzi," Filemoni alisema. "Kasema fomu haina haja tena, mashine inauzwa. Kuna mtu wa Ilomba anaitaka."

"Auze yeye kama nani?"

"Si ndiye mkurugenzi? Soma mwenyewe, mama."

Akasoma. Mwaka wa kwanza, kwenye mstari ule: Sedekia. Wa pili, Sedekia. Yote mitano. Juu yake na chini yake ulikuwa mwandiko wa Tupokigwe, mzuri, wa ubaoni, kana kwamba unamtolea ushahidi mwizi. Alijikasirikia mwenyewe kwanza.

"Hati ya kuanzisha kampuni ninayo," Filemoni alisema. "Dole gumba la mzee lipo, na hakuna kikao kilichomwondoa. Jaza fomu upya leo, na barua ya kusahihisha, mauzo yatakwama. Ila uandike wewe, katibu, mwanzo mpaka mwisho. Miandiko ya watu wawili ndiyo iliyotufikisha hapa."

"Niandikie huo mstari mmoja tu."

"Hapana, mama."

Miaka ishirini alikuwa ameishi jirani na jina lile bila kuligusa. Akashika kalamu, akaandika: Andendekisye. Aliikandamiza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Habari zilifika Uyole upesi. Alipokwenda mashineni alimkuta Sedekia mlangoni, mbele ya wanawake waliopanga foleni na madebe yao.

"Mwalimu wetu huyo," Sedekia alisema. "Kaandika jina la baba. Huko chuoni walikufundisha kila kitu, shemeji, kuona haya tu walisahau."

Wanawake wakainama. Mmoja akaguna.

"Nimeliandika," Tupokigwe alisema. "Wewe umelifuta mara tano."

"Mimi ni mwanawe. Nina ruhusa ya kulitaja."

"Hukulitaja. Ulilikalia."

Wazee walikaa siku mbili. Mashine haikuuzwa, na mkurugenzi akabaki yule yule. Kisha wakasema Tupokigwe amevunja heshima, atoe ng'ombe. Alikuwa naye mmoja, wa maziwa.

Alimswaga mwenyewe hadi uani kwa baba mkwe, khanga kichwani, macho chini, meno ameyauma. Hakuona nyuso, aliona miguu tu. Miguu ya Sedekia ilikuwa miongoni mwa ile ya wazee, imenyooshwa vizuri, na kando yake kibuyu cha pombe. Yeye hakutozwa hata kuku.