Muzigo wa Kwanza wa Chukudu Ndogo

Chukudu yangu ya utoto iliivisha maharagi. Siku moja ya mvua nilirudi ku masomo, makala ya kupikia ilikuwa imelowa, nikakuta mama ameipasua na shoka na magurudumu yake iko chini ya nyungu. Mupira uliokuwa umepigiliwa ku gurudumu ulinuka avenue muzima.

«Ulishakuwa mukubwa,» mama aliniambia mbele hata niulize. «Ulitaka tulale njaa na chukudu ku mulango?»

Tulikula. Maharagi yalikuwa matamu, na ni hiyo iliyoniuzi zaidi.

Kama hujafikaka Goma: chukudu ni kama baiskeli ya mbao tupu, magurudumu mbili ya mbao, mikono imepinda kama pembe za ng'ombe. Haina pedali, haina motere. Wanaume wanapakia viazi, makala na shu, ndiyo kabichi, wanashuka nayo mbio toka Kibati, goti moja juu ya ubao, na ukisikia inalia nyuma yako unatoka ku njia. Yangu ilikuwa ndogo, ya kuchezea. Papa aliitengeneza na mabaki ya mbao ya kalitusi. Freni ya kuisimamisha ilikuwa kipande cha sandali yake ya zamani, na ku magurudumu alipakaa mafuta nyeusi ya pikipiki, ndiyo kusema kila nguo niliyokuwa nayo ilikuwa na alama yake.

Vijana wa mutaa wetu, Murara, walinichekaka. «Musichana anapanda chukudu! Nani atakuoa, gunia ya viazi?»

«Afazali gunia,» niliwajibu. «Haina mudomo.»

Lakini kulikuwa na sheria moja ambayo hata wale vijana hawakuichezea. Tuliiiga ku wanaume wa chukudu ya kweli. Chukudu mupya haibebi kitu cha mutu yeyote kama haijapeleka kwanza muzigo ku nyumba ya mama ya mwenye chukudu. Viazi kidogo, bido ya maji, chochote. Nyuma ya pale ndiyo unatafuta wateja. Ukipanda kabla ya ule muzigo, watoto wote wanakuimbia: «Chukudu haina mama! Chukudu haina mama!» Yangu ilibeba shu toka ku soko mupaka jikoni, na mama aliipokea na mikono mbili, kama mutu amemuletea ng'ombe.

Nilikuwa nimesahau hiyo yote. Imenirudilia mwaka huu juu ya mudogo wangu.

Mudogo wangu iko na miaka saba na hakuishi na sisi. Mama aliuguaka sana kisha kumuzaa, na koko, mama ya mama, akamuchukua angali wa kunyonya, akaenda naye Rutshuru. Ilikuwa ni kwa muda kidogo. Alafu barabara iliharibika, alafu hiki, alafu kile, na mutoto akakulia kule. Sasa magoti ya koko imechoka, na papa akasema ule mutoto asome Goma. Alifika wakati wa vakansi ya masomo, na mufuko mumoja. Ule mufuko hakuufungua. Kila asubuhi alitoa nguo, alivaa, alifunga tena kamba, kama mutu anangoja gari.

Alikuwa anakaa ku mulango wa lupango, kiwanja cha nyumba yetu, akitazama upande wa barabara ya kupanda Rutshuru. Hakulia kwa sauti. Machozi ilishuka tu. Mama aliona siku ya kwanza, siku ya pili, mwisho akasema: «Kama masomo inafunguka na angali analia, nitamurudisha kwa koko. Siwezi kufunga mutoto wangu kama mbuzi.»

Mimi sikutaka arudi. Ku nyumba yetu ni kaka tupu, wanakula, wanatoka, wanarudi kukula. Tangu zamani nilitaka mudogo musichana, na huyu hapa, wangu wa damu, na aliniita «weye». Yaya ndiyo tunaita ndugu mukubwa ku sisi. Yeye: «Weye, maji iko wapi?» Mimi sijue kungoja, kila mutu ku nyumba anajua. Nilimusuka nywele, nilimupikia mandazi, nilimuonyesha ziwa. Alisema aksanti na akarudi ku mulango.

Ni pale, nikipita karibu ya rond-point, muzunguko wa barabara wenye sanamu ya zahabu ya mutu wa chukudu, nikaona ku butiki moja chukudu ndogo. Zimepangwa kama mikate. Zimepakwa verni mupaka unaona uso wako, magurudumu ni ya rulema, zile beringi za chuma, ku mikono wameweka ngozi, na juu ya ubao wameandika na moto «Suvenire ya Goma». Roho yangu iliruka. Ilikuwa ile yangu, lakini imeoga.

«Papa, hii inapandwa?» nilimuuliza mwenye butiki.

«Dada, hii ni ya deko, ya kupamba nyumba. Unaweka juu ya armoire ya nguo.»

«Chukudu ya deko inabeba nini?»

«Inabeba macho ya wageni,» akasema, na akacheka mwenyewe.

Niliipima juu ya simenti ya butiki, goti moja, mutu mukubwa kama mimi. Ilitembea. Mwenye butiki alishika kichwa. Nililipa, nikaichukua.

Ku nyumba papa aliigeuza chini juu, akazungusha gurudumu, akasikiliza. Haikulia hata kidogo. «Hii imevaa kravati,» alisema. Kaka yangu mumoja akauliza kama inakunywa chai au kahawa. Mudogo wangu alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza anatoka ku ule mulango bila kuitwa. Alipitisha mukono juu ya verni, alishika mikono ya ngozi, alipima freni na muguu.

«Panda!» nilimuambia.

«Bado.»

«Bado nini?»

Akainama kutazama magurudumu. Kesho yake, ile ile. Aliisukuma toka ukuta mupaka ukuta, aliifuta vumbi, aliifunika na kitambaa cha kikwembe ikija mvua, lakini kupanda, bado. Nilikasirika. Nilitaka kumupandisha kwa nguvu.

Ni watoto wa jirani walinikumbusha bila kujua. Mumoja alichungulia juu ya mawe ya lupango akasema: «Haijabeba!» Nikajipiga ku paji la uso. Muzigo wa mama! Ule mutoto ametoka Rutshuru, kule kila asubuhi chukudu zinapita na viazi, anajua sheria kuliko mimi. Nilikimbia ku soko, nikanunua shu kubwa, nikaiweka juu ya ubao, nikaifunga na kamba. Nikaita mama.

Mama alielewa mara moja. Alinawa mikono. Alifunga kikwembe chake vizuri, akasimama ku mulango wa jikoni na mikono mbele, na nilimuona uso wake: alikuwa anangojea ile shu tangu miaka saba.

Mudogo wangu aliweka kiganja juu ya gurudumu.

«Hii si ya kwanza,» akasema.

«Namna gani si ya kwanza? Ndiyo ya kwanza!»

«Ya kwanza ni ya koko.»

Kaka yangu, sababu hajue kunyamaza, akasema: «Asukume mupaka Rutshuru? Atafika ameshaolewa.» Papa akamutazama, kaka akatoka. Mama alifungua kamba pole pole, akachukua shu yake yeye mwenyewe, akaingia jikoni.

Nilimufuata. Alikuwa anakata ile shu kidogo kidogo sana.

«Nitamugombeza,» nikasema.

«Utamugombeza juu ya nini? Usiku alipokuwa analia maziwa, nani aliamuka? Mugongo wa nani ulimubeba?» Kisu hakikusimama. «Sheria ni sheria. Muzigo ni wa mama.»

Alipomaliza kukata, alifuta mikono, akatoa sambaza kavu, samaki ndogo za ziwa, alizokuwa anaweka kwa siku ya wageni, chumvi na saboni, akafunga yote ndani ya kipande cha kikwembe chake. Kile kizuri. Akatoka inje, akainama mbele ya mutoto wake.

«Pelekea koko,» akamuambia. «Mumuambie shofere wa bisi achunge.»

Tulitoka Murara sisi wawili mupaka ku parkingi ya bisi za Rutshuru. Verni ya butiki haijue mawe ya volkano. Rulema ilikwama, ikatoka, ikakwama tena. Nilitaka kubeba ile furushi ku kichwa tufike haraka, lakini kila mara nilipogusa kamba mudogo wangu aliniangalia. Basi nikasukuma nyuma. Yeye mbele, goti moja juu ya ubao sasa, sababu muzigo ulikuwa pale na aliruhusiwa, muguu mwingine unapiga chini, pa, pa.

Mwenye pikipiki mumoja alipunguza mwendo. «Shofere! Kuko nafasi?»

«Imejaa!» mudogo wangu akapiga kelele. Na akacheka. Sikuwa nimesikia bado kicheko chake. Kinafanana na cha mama.

Shofere ambaye anajua jamaa yetu alikuwa anapanga mizigo juu ya gari. Alichukua furushi kwa mukono moja, bila kuangalia.

«Papa, ni muzigo wa kwanza,» mutoto akamuambia. «Wa ile chukudu.»

Ule muzee alishuka. Alitazama chukudu, alitazama mutoto, akaondoa koti yake ku kiti cha pembeni yake, akaweka furushi pale. «Wa kwanza haupande juu ya gari,» alisema.

Koko aliita na telefone ya jirani yake siku furushi ilifika. Mama aliweka ile telefone katikati yetu ku mukeka.

«Nimepokea na mikono mbili,» koko alisema. «Sambaza inanuka vizuri. Nani alikusukumia?»

Mudogo wangu alinitazama kidogo.

«Yaya.»

Mimi nikaangalia upande mwingine, kaka yangu asione uso wangu.

«Na mama yako, umemubebea nini?»

«Bado.»

«Bado? Wa pili ni wake. Usimulaze njaa binti yangu.»

Kesho yake asubuhi niliamushwa na mutu anavuta muguu yangu. «Yaya, unakawia!» Shu iliyofika jikoni ile siku ilikuwa ndogo na imeanguka mara nyingi ndani ya vumbi nyeusi. Mama aliipokea. Aliishika ku kifua wakati murefu kuliko inavyofaa kwa shu.

Masomo imefunguka na mudogo wangu iko darasani hapa Goma. Mufuko wake umekuwa wa mimi kuwekea vitunguu. Ile chukudu, verni imetoka, ya maandiko imebaki «Suve», na papa ameshaipakaa mafuta nyeusi, basi inalia vizuri na nguo zetu zote ziko na alama.

Jana mvua ilinyesha na makala ikalowa tena. Mama alizunguka lupango na shoka akitafuta kuni. Akafika mbele ya chukudu, akasimama. Mimi na mudogo wangu tulisimama pia. Mama akaiinua, akaiingiza ndani pahali pakavu, akarudi na kupasua kiti ya papa.