Aliyeitika Jina la Kipketer

Jepchumba tulichuma pareto naye kule Sachangwan, safu yake karibu na yangu, kila mmoja na mtoto mgongoni. Alizaliwa shambani humo kwa mzungu, akaolewa humo humo na Kipketer, dereva wa trekta. Hata ukungu ukiwa mzito huoni miguu yako, ungejua Jepchumba yuko wapi kwa kicheko chake.

Siku trekta ilipomlalia Kipketer mteremkoni ikamuua, bwana mwenye shamba alikuwa Ulaya kwa likizo. Nyapara wetu, Kosgei, aliogopa kulaumiwa. Alituamuru tumzike upesi, tufunge midomo. Asubuhi, tukiwa kwenye foleni, akaita majina yote kama kawaida ili pengo lisijulikane.

"Kipketer!"

"Niko!"

Sauti ilitoka nyuma yetu, upande wa nyumba ya kukaushia maua ya pareto. Hakuna aliyegeuka.

Jioni nikamwuliza mume wangu, Kemboi, "Ni wewe uliitika?"

"Mimi? Si Kosgei ndiye ameweka mtu?"

Kumbe Kosgei naye alidhani ni sisi, tunamlinda Jepchumba. Maana nyumba ya shambani ni ya mtu wa kazi. Jina lake likiacha kuitwa, mke na watoto wanatolewa. Basi tukanyamaza. Kila asubuhi jina likaitwa, na kila asubuhi likaitikiwa. Jepchumba akaacha kucheka.

Halafu sokoni Molo watu wakasema kuna sheria mpya: mtu akifia kazini, tajiri awalipe mjane na watoto. Jepchumba akambeba mwanawe Kiprugut, akashuka mpaka Nakuru, ofisi ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, akasema yote. Akarudi na bwana wa leba alfajiri, tukiwa foleni.

"Ita majina," bwana huyo alimwambia Kosgei. "Nimeambiwa hapa hata wafu mnawaandika kazi."

Mtu mmoja alicheka, akakatiza.

"Kipketer!" Kosgei aliita.

"Niko."

Bwana wa leba akafunga kalamu yake. "Mama, umenileta mbali kwa mzaha? Mtu anayeitika hajafa. Nitamlipisha nani?"

"Si aje mbele tumwone, kama ni mtu!" Chepkemoi, mchumaji mwenzetu, akapayuka kutoka nyuma.

"Kipketer, njoo hapa," bwana wa leba akasema.

Tukasikia hatua kwenye nyasi zenye maji. Zikaja, zikaja, zikasimama. Hatukuona mtu. Mtoto wangu mgongoni akaanza kucheka, vile watoto wanavyocheka wakichezewa.

Jepchumba akatoka kwenye foleni, akaingia ukunguni. Alisema polepole, kama anayebembeleza mtoto alale.

"Baba Kiprugut, kazi umefanya ya kutosha. Nimeshawashtaki; ukiitika tena hatutalipwa, na watoto wako watalala nje. Nyamaza sasa, baba."

Alirudi peke yake, gauni limelowa mpaka magotini. "Mwite tena," akamwambia Kosgei.

Kosgei alitikisa kichwa, akarudi nyuma. Ikabidi bwana wa leba aite mwenyewe, na safari hii hakuita kwa nguvu.

"Kipketer?"

Tulingoja. Matone yalikuwa yakianguka kutoka kwenye mabati.

"Sasa andika amekufa," Jepchumba alisema. Ndipo akaketi chini kwenye matope, akamlilia mumewe kilio ambacho Kosgei alimnyima siku ya kuzika.