Fundi Aliyepima Afya kwa Utepe

Fundi wetu alikuwa mshonaji wa suti, stadi asiye na mshindani mtaani. Kwa bahati mbaya alidhani mwili nao ni nguo. Kila Ijumaa, kabla ya kufungua duka, alijizungushia utepe wa kupimia kiunoni, akatabasamu, kisha akaketi kwenye cherehani kuipunguza suruali yake mwenyewe. Kosa hilo lisingemtokea seremala wala mwashi. Ni mshonaji tu anayeweza kuamini kuwa kiuno kikipungua, maradhi nayo yamepungua.

Maradhi yake yalikuwa kisukari. Kaka yake mkubwa alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, na tangu hapo fundi hakuwa na hofu nyingine duniani. Hofu ya namna hiyo haikosi mchuuzi. Wa kwake alimpata kwenye simu: dalali wa viwanja wa zamani, ambaye siku moja aliamka akajikuta tabibu, akajiita Mwalimu wa Siha. Mtu huyu, ambaye hakupata kufungua kitabu cha tiba hata kwa kukipangusa vumbi, alifundisha kwamba wanga ni sumu, kwamba nyama, mayai na mafuta vyatosha, na kwamba mwanafunzi akitetemeka au kutokwa jasho asiogope, kwani hiyo ni sukari inayouhama mwili. Juu ya yote, madaktari wasiulizwe, maana wanaona wivu. Mwenyezi Mungu aliotesha nafaka, akawalisha kwayo manabii na wafalme. Dalali akaja kumsahihisha.

Fundi akaacha wali, mkate, viazi na hata ndizi. Sindano ya insulini hakuiacha wala hakuipunguza. Alijichoma kipimo kilekile cha enzi za sahani iliyojaa.

Mkewe, aliyefanya kazi ya vifungo na pindo humo humo dukani, aliliona jasho kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Baba watoto, mkono unakutetemeka. Mwambie nesi wa zahanati unachokula."

"Nesi ataniambia nini? Suruali zenyewe zinashuhudia."

"Suruali hazijui kupima damu."

Asubuhi moja mwoka mikate wa mtaa wa pili alikuja kujaribu koti lake. Naye alikuwa mwanazuoni wa aina yake.

"Ubongo hauli nyama, fundi," alisema, mikono ameinyoosha pembeni. "Bila mkate unakauka."

"Wewe unauza mkate."

"Na mwalimu wako anauza nini?"

"Unga wa mbegu za kuchanganya na maziwa."

"Basi tuko soko moja."

Hivyo ndivyo suala lililowashinda wajuzi lilivyojadiliwa: mmoja akitetea tanuri lake, mwingine kiuno chake. Fundi akabana pini midomoni, kama desturi yake, akapiga magoti kurekebisha pindo la koti. Pini ya kwanza aliichomeka hewani. Ya pili aliichomeka kwenye paja la mwoka mikate.

"We bwana, hiyo ni nyama yangu, si ya mwalimu wako."

Macho yalikuwa yamemlegea fundi, shati limelowa mgongoni. Mkewe akatupa sindano na uzi, akakoroga sukari nyingi kwenye chai ya mwoka mikate iliyokuwa mezani, akamwinua mumewe kichwa. Lakini mdomo ulikuwa umejaa pini, na mwenyewe aliufumba akinong'ona puani kwamba sukari inahama.

"Fungua mdomo. Utazimeza, kisha mwalimu wako atasema pini hazina wanga."

Akambana mashavu, akazichomoa pini moja moja kwa vidole vyake, midomo ikivuja damu, ndipo akamnywesha chai kidogo kidogo hadi macho yakarudi.

Kule zahanati, nesi hakumkaripia. "Kupunguza wanga kumewasaidia watu," alisema, "ingawa kuhusu matokeo ya miaka mingi mbele wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Lakini anayejichoma insulini hapunguzi chakula peke yake bila daktari kupanga dawa upya; sukari humshuka mno, akaanguka. Wewe, mzee wangu, nusura ujiue na wokovu wako."

Daktari akapunguza dawa, nesi akampangia wanga wa kila mlo. Fundi, kwa ukaidi wa mfuasi, akamweleza Mwalimu wa Siha yote kwa simu. Jibu likaja akiwa mezani na mkewe, kwa sauti tamu iliyozoea kuuza viwanja vya watu wengine: mwili haumwangushi mtu mkweli, fundi amekula kwa siri, atubu, anunue unga mpya.

Fundi aliisikiliza mara mbili. Mtu aliyejinyima hata ganda la mkate, aliyekubali kuanguka miguuni pa mteja kwa ajili ya mafundisho yale, ameitwa mwizi wa chakula.

"Mama watoto," alisema, akimsogezea simu, "mwondoe humu. Mimi sijui pa kubonyeza."

Mkewe akabonyeza. Kisha akampakulia wali.

"Kidogo hivi?"

"Ndivyo alivyosema nesi," alijibu, akaketi amtazame akila.