Mtandao wa Kwa Mama

Msiba wa kaka yangu ulipokwisha, nguo zake tuligawana, lakini ruta, kile kisanduku cha intaneti, tuliiacha sebuleni kwa mama, kijijini Ulemo. Aliifunga kaka mwenyewe, na mtandao wake akauita KWA MAMA. Mama si msomaji sana. Kila asubuhi alifungua simu yake ya zamani, akayatazama maneno hayo mawili aliyoyaandika marehemu, kisha akaiweka chini. Hakuwa na kingine cha kutafuta humo.

Siku moja ya mvua umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Ruta ikabaki na taa moja nyekundu.

"Si ukanunue nyingine Kiomboi?" mjomba aliniambia. "Unaiuguza kama ng'ombe!"

Nilikasirika, lakini mjomba kwetu hajibiwi. Nyingine ingekuja na jina la kiwandani.

Kazi yangu ni mashine hizi hizi, Singida mjini. Ruta iliyoshindwa kujiwasha huweza kuwashwa kupitia waya: tundu lake moja la waya unalipa anwani ya namba, kompyuta yako unaipa namba inayofuatia, kisha ruta inavuta mfumo wa kuiendesha kutoka kwenye kompyuta na kuuendesha bila kufuta kilichohifadhiwa ndani. Hicho ndicho nilichotaka, nisifute alichoandika kaka. Kwanza nilichomeka waya tundu silo, nikajitukana. La pili likaitika. Mfumo ukapanda, nikaingia ndani kutafuta mipangilio yake.

Hapakuwa na kitu. Umeme ulikuwa umefuta yote. Nililia palepale mezani, mama yuko jikoni anasonga ugali.

Baadaye niliweka mfumo mpya, nikaandika KWA MAMA kwa mkono wangu. Nywila ya kaka hakuna aliyeijua. Alikuwa anatuingizia mwenyewe kwenye simu zetu, nasi hatukuona haja ya kuuliza. Nikabuni yangu.

"Tayari, mama."

Alikuja anafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu. Maneno yake mawili yalikuwapo. Alitabasamu, na sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu tuzike. Akayagusa kwa kidole. Simu ikadai nywila.

Akanirudishia simu.

"Siyo yenyewe hii, baba," alisema taratibu. "Ya kaka yako ilikuwa hainiulizi kitu."